Daftari Langu na Kipande cha Yule wa Mbagala

Programu ile niliianza kwa hasira.

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu muhtasi kwenye shirika moja la umma. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya meza ndefu, kuandika kwa hatimkato yote waliyosema wakubwa, kisha kuyapiga taipu na kuyafungia kwenye majalada. Mashirika yalipoanza kuuzwa, la kwetu nalo likapata wenyewe wapya, na sisi tukaambiwa tujiandae kupunguzwa. Wiki yangu ya mwisho bosi mpya akanitaka nimtafutie maneno yaliyosemwa kwenye mkutano fulani juu ya uzio wa ghala. Nilijua niliyaandika. Nilikumbuka hata aliyeyasema, na jinsi alivyokuwa akikuna shingo wakati anasema. Nikapekua majalada siku tatu, vumbi likanikaba. Nilipompelekea karatasi yenyewe akaitupia jicho, akasema, "Aa, hiyo tumeshaimaliza."

Nilitoka pale bila kazi, na hasira ya siku tatu kifuani.

Ndipo nikajiunga na darasa la kompyuta la Mwalimu, Kinondoni. Mwalimu alikuwa mstaafu. Enzi za ujana wake alifanya kazi na zile kompyuta za zamani, moja inajaza chumba. Alipostaafu, na mashine zikaanza kuingia kutoka Dubai, alitoa makochi sebuleni kwake akaweka meza nne na kompyuta nne, na feni moja iliyogeuka polepole kama mtu anayetafuta aliyemwita. Alikuwa mkali na mchache wa maneno. Mwanafunzi akipata, alisema "Haya." Akikosa, alisema "Tena." Mie nilizoea wakubwa wa namna hiyo. Nilijifunza haraka, na baada ya mwaka nikawa msaidizi wake, nawafundisha wanaoanza.

Lugha ya programu aliyotufundisha ilikuwa Pascal. Wenzangu waliitumia kuandika michezo ya kubahatisha namba. Mie niliandika Daftari.

Lilikuwa jambo dogo tu. Ukiliwasha, unaanza kuandika papo hapo. Halikuulizi jina la faili wala unataka kuhifadhi wapi, kwa sababu mtu aliye mkutanoni hana nafasi ya kujibu maswali ya mashine. Tarehe na saa viliingia vyenyewe. Chini ya skrini kulikuwa na maneno manne kwa Kiswahili: Andika, Tafuta, Chapa, Funga. Mwalimu alitaka liwepo la tano, Futa. Nikamkatalia.

"Mtu akikosea je?" akaniuliza.

"Aandike chini yake kwamba alikosea. Katibu hachani karatasi, Mwalimu."

Aliniangalia juu ya miwani yake, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Tangu hapo mgeni yeyote akiingia darasani alikuwa anamwonyesha mie kwa kidole, anasema, "Huyu ndiye mwenye Daftari." Sentensi ile niliila kama chakula. Nilikuwa natoka kwangu Sinza asubuhi nikijiuliza leo kama atapatikana mgeni.

Wageni walipatikana. Waandishi wa magazeti mapya walilichukua kwenye disketi kuwekea mahojiano yao. Karani wa parokia moja alilichukua. Alilichukua pia mama mmoja mtafiti wa samaki, aliyekuwa na ofisi ndogo Kunduchi. Kazi yake ilikuwa kukaa na wavuvi na wauza samaki kule mwaloni, vyombo vinaposhusha samaki, kuwasikiliza, na kuandika wanachosema. Kiswahili kilichotoka midomoni mwao alikiandika kilekile, hakukitafsiri. Huyo ndiye aliyelitumia Daftari kuliko wote. Notsi zake zilijaa disketi hata nikaogopa.

Kisha wakaanza kuomba nyongeza. Mwandishi anataka kuhesabu maneno. Karani anataka kalenda ya sikukuu. Mtafiti alilalamikia Tafuta. "Nikiandika 'wavu' inaniletea palipoandikwa 'wavu' peke yake," aliniambia. "Lakini watu wanasema 'nyavu' pia. Nikitaka kibua, vibua siwapati. Inanilazimu kutafuta mara mbili kila kitu, na mara nyingine nasahau."

Nikamwambia nitalishughulikia. Nilijaribu mwezi mzima. Nikaona kila nikitengeneza huku kunabomoka kule, maana Kiswahili kinabadilisha neno mwanzoni, na Tafuta yangu ilizoea kushika neno kwa mwanzo wake. Nikaliacha, nikasema lina kazi nyingi.

Mwalimu akaniambia, "Fungua. Waachie wengine waongeze wanachotaka wenyewe."

"Wataliharibu."

"Hawataligusa la kwako. Kila mtu aandike kipande chake pembeni. Wewe eleza tu namna ya kukiunganisha."

Sikupenda, ila yeye ndiye aliyekuwa na kauli. Nikaandika maelezo, kurasa nne. Nilieleza kwamba mtu akibonyeza Tafuta, Daftari litaandika mistari miwili kwenye faili dogo. Mstari wa kwanza ni neno linalotafutwa. Mstari wa pili ni jina la faili lenye notsi. Kisha Daftari litaita programu ya mgeni, nayo itasoma mistari hiyo miwili, itafanya kazi yake, na kuandika majibu kwenye faili lingine, na Daftari litayaonyesha. Kurasa zile nikazitia kwenye kila disketi, na nakala moja tukaibandika ukutani darasani.

Miezi ikapita. Alikuja mwandishi mmoja tu na kipande cha kuhesabu maneno, kikagandisha mashine, akaondoka nacho. Nilimpa pole, na moyoni nikafurahi.

Halafu Jumamosi moja akaja yule wa Mbagala.

Alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa miaka kama mitatu. Karani wa ghala huko Chang'ombe, mtoto wa mchonga vinyago aliyehamia kutoka kusini. Alivaa viatu vya plastiki, na alikuwa na daftari la shule la karatasi, la kurasa tisini na sita. Alisimama mlangoni mpaka akaambiwa ingia.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, dada."

Shikamoo ile ilinichoma, maana sikuwa na umri wa kuamkiwa naye. Nikaitika hata hivyo.

"Nimesoma zile karatasi nne za kwenye disketi ya Daftari," akasema. "Nimeandika kipande cha kutafuta. Ila sijakijaribu. Kompyuta ya kazini wananiruhusu saa ya chakula tu, na haina lugha ya programu. Nimekiandika humu." Akafungua daftari. Programu nzima kwa penseli, mstari kwa mstari, herufi za mwanafunzi bora, na pembeni ameandika ngeli zote: ki kwa vi, m kwa mi, u kwa ny, ji kwa ma, na orodha ya maneno yasiyofuata kanuni.

Mwalimu akampa kiti chake. Kiti chake mwenyewe, chenye mto, ambacho mie katika miaka yote sikuwahi kukikalia. Yule dada alichapa programu yake kwa vidole viwili, akirudia kila mstari kwa sauti ndogo. Ilimchukua mpaka adhuhuri. Alipoiwasha mara ya kwanza ilikataa, akakuta nukta mkato imesahaulika. Mara ya pili ikakubali.

Mwalimu akachukua disketi ya majaribio, yenye notsi alizotuachia yule mama mtafiti. Akaandika "wavu." Zikaja nyavu zote. Akaandika "jino," yakaja meno. Akaandika "kibua," wakaja vibua wa kurasa na kurasa.

Mwalimu akasimama. "Lahaula," akasema. "Hii sasa inajua Kiswahili."

Akamwita mkewe aje aone. Akamwita fundi cherehani wa jirani. Mie nilikuwa nimesimama nyuma yao, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nilikuwa nasoma ile programu kwenye skrini juu ya bega la yule dada na kuelewa kila mstari. Hapakuwa na kitu pale nisichokijua. Kila alichotumia nilikuwa nakifundisha Jumatatu mpaka Ijumaa. Yeye tu ndiye aliyeviweka pamoja, na mie nilikuwa nimeshindwa.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Mwalimu alimwazima kile kitabu chake kinene cha Pascal aende nacho Mbagala. Mie kitabu kile nilikisomea palepale mezani. Alimwekea chai. Siku moja walikaa saa nzima wakibishana juu ya neno "uso," na Mwalimu akasema maneno mengi kuliko aliyonipa mie mwaka mzima. Yule dada hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kila alilofanya aliniuliza, "Dada, unaonaje?" Nikimjibu vizuri aliandika. Nikimjibu ovyo aliandika vilevile.

Kisha akaja mgeni, mtu wa chuo, na Mwalimu akanyoosha kidole, lakini si kwangu. "Huyu ndiye aliyelifundisha Daftari Kiswahili," akasema. Mgeni akampa mkono yule dada. Mie akanipungia.

Wiki ileile nilikuwa natengeneza toleo jipya la Daftari. Nilikuwa nasahihisha makosa madogo, kama tarehe inayokosea mwisho wa mwezi. Nikafika pale Daftari linapoandika ile mistari miwili. Nikaiangalia. Nikageuza: jina la faili likatangulia, neno likafuata. Hata chai yangu haikuwa imepoa nilipomaliza. Nilijiambia ni vizuri zaidi hivyo, kwamba kompyuta ifungue faili kwanza ndipo iulizwe neno. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu. Lakini zile kurasa nne sikuzigusa. Ukutani na kwenye disketi ziliendelea kusema mstari wa kwanza ni neno, kwa hiyo kipande cha yule dada kingesoma jina la faili kama ndilo neno, na kisingepata kitu. Hilo ndilo linaloonyesha kwamba nilijua ninachofanya.

Alhamisi mama mtafiti alipita, nikampa toleo jipya, nikamwekea na kile kipande kama kawaida.

Jumatatu alirudi. Hakuamkia mtu.

"Nani aliandika hii Tafuta?" akauliza.

Mwalimu akamwomba akae, hakukaa. Akaeleza. Jumamosi alikuwa na mkutano kule Kunduchi, wavuvi, wenye nyavu, wauza samaki na mabwana samaki wa serikali, juu ya makokoro, zile nyavu za macho madogo zinazozoa hadi watoto wa samaki. Asubuhi, amesimama, mkoba begani, alitafuta neno "kokoro" mara moja aone ni nani na nani walishawahi kulalamika. Daftari likamwambia: Hakuna kilichopatikana. Akaamini, kwa sababu halijawahi kumdanganya. Mkutanoni akasimama mama mmoja muuza samaki, akasema, "Mie jambo hili nilishalisema zamani, na mtafiti huyu aliandika mbele ya macho yangu." Na mtafiti, kwa kujiamini, akajibu kwamba ametafuta kwenye kumbukumbu zake asubuhi ileile na hakuna mtu aliyewahi kumtajia kokoro. Watu wakacheka. Wenye nyavu wakacheka kuliko wote. Mama akaitwa mzushi, akakaa chini.

"Nikarudi ofisini nikasoma notsi siku kwa siku," akasema mtafiti. "Yamo. Aliyasema yote, na nimeyaandika kwa mkono wangu huu. Nimemvunjia heshima mtu mzima."

Mwalimu akasema msichana aliyeandika kipande kile atakuja Jumamosi na ataulizwa. Mtafiti akaondoka. Mie nilikuwa nafuta ubao. Nilikuwa na siku tano za kufungua mdomo, na sikuufungua.

Jumamosi yule wa Mbagala akaja na akaambiwa. Sikuwahi kuona mtu akipokea lawama vile. Hakuuliza kama mtafiti ana hakika. Aliomba anwani, akaandika barua ya kumwomba radhi mtafiti palepale kwenye meza yangu, kisha akafungua daftari lake la penseli na kuanza kutafuta kosa, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuliona. Jumamosi iliyofuata umeme wa mgao ulikatika saa nne, akaendelea kusoma kwa mwanga wa dirisha.

"Dada, hebu niangalizie," akaniambia. "Mie labda macho yamezoea."

Nikachukua daftari, nikajifanya nasoma. "Sioni kitu," nikamwambia. Na kweli hapakuwa na kitu cha kuona.

Jumamosi ya tatu alifika mapema, Mwalimu yuko sokoni. Aliwasha mashine, akachapisha lile faili dogo ambalo Daftari linaandika. Karatasi yenye mistari miwili tu. Akaja nayo kwangu, akaiweka mezani.

"Dada, wa kwanza umekuwa wa pili."

Nikaisoma karatasi.

"Karatasi zako zinasema wa kwanza ni neno."

"Najua."

"Uligeuza ukasahau kuandika?"

Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Nadhani alinipa makusudi. Nikaiangalia ile njia, na nikachoka ghafla.

"Sikusahau," nikasema.

Akakunja karatasi mara mbili, kisha mara nne. "Nimeomba radhi kwa maandishi," akasema polepole. "Nimemwambia baba nyumbani kwamba nimeharibu kazi ya watu. Kwa nini, dada?"

Ningeweza kutaja kiti, au kitabu, au kidole cha Mwalimu. Yote nikayaona madogo mno. "Wivu," nikamwambia.

Alikaa kwenye mashine ya mwisho, karibu na dirisha, mpaka Mwalimu aliporudi. Nilimfuata Mwalimu uani, amebeba mchicha na samaki, nikamweleza yote kabla hajaviweka chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Darasa hili nilikuwa nimepanga nikuachie wewe," akasema.

Alisema "nilikuwa." Mie nimeandika maneno ya watu miaka tisa, najua kusikia neno lilivyokaa.

"Utakwenda Kunduchi," akaongeza, akaingia jikoni.

Nilikwenda. Mtafiti aliniongoza mpaka mwaloni, akanionyesha yule mama, akasimama mbali kidogo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anapara magamba ya samaki aina ya changu, ndoo miguuni, kanga imefungwa kiunoni. Nilimwamkia, akaitika bila kunyanyua macho. Nikajaribu kumweleza habari ya kompyuta, mistari miwili, nini kinatangulia nini. Akaninyamazisha kwa kuinua kisu.

"Mwanangu, hayo sie hatuyajui. Niambie, yule bibi wa vitabu hakusema uongo?"

"Hakusema uongo, mama. Mashine ilimdanganya. Na mashine niliidanganya mie."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mwenzangu anasifiwa. Nikamwonea wivu. Nilitaka kazi yake ionekane mbovu."

Hapo akaninyanyulia macho. "Mwenzako huyo alikuwa hapa mwaloni siku ya mkutano?"

"Hapana."

"Basi wivu wako ulimtafuta yeye, ukanivua nguo mie." Akarudi kwenye changu wake. Akapara upande mmoja wote, akageuza. "Mkutano wa pili upo Jumapili. Njoo useme mbele yao kama ulivyoniambia. Mimi hapa nimeshasikia."

Jumapili nikasimama mbele ya watu kama sitini na kusema kwamba mama yule alisema kweli tangu mwanzo, yaliandikwa, na yaliyoandikwa yalifichika kwa kosa langu. Mtafiti akasoma notsi yenyewe kwa sauti, na tarehe yake. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenye nyavu mmoja aliniuliza nimelipwa na nani. Yule mama hakunishukuru, na hakukuwa na sababu ya kunishukuru.

Nikarudisha mistari kama ilivyokuwa. Lakini yule wa Mbagala alikuwa ameshaandika kipande chake upya. Nilikiona kwenye mashine. Sasa kilianza kwa kukagua mistari yote miwili, upi ni faili na upi ni neno, ndipo kiendelee. Pembeni ameweka maelezo mafupi ya msomaji: kama mistari imegeuzwa. Hakutaja mtu. Aliendelea kuja Jumamosi, na aliendelea kuniamkia. Kitu kimoja tu alikiacha: hakuniuliza tena ninaonaje.

Vipande vingine vikaja baada ya hapo, kutoka kwa watu ambao wengine sikuwahi kuwaona. Kalenda, kamusi ndogo, cha kupanga notsi kwa majina. Nilijifunza kwamba nikitaka kubadili kitu lazima niandike kwanza, nibandike ukutani, nisubiri watu wasome. Mwalimu hakutamka tena habari ya kuniachia darasa. Aliliendesha mwenyewe hadi miguu ilipomkataa, akauza mashine.

Yule dada aliolewa akahamia Mtwara. Kabla ya kuondoka alimwachia Mwalimu disketi ya kipande chake na lile daftari la penseli, naye Mwalimu akanikabidhi mie bila maelezo. Nikawa mtunzaji wa kazi ile. Miaka kadhaa nilikitunza, nikaongeza maneno yasiyofuata kanuni kila yalipojitokeza, nikakihamishia kwenye mashine mpya. Watu wengi waliokuja kutumia Daftari walilisifu kwa Tafuta kuliko kitu kingine. Kila aliyesifu nilimwambia kipande kile si changu, ni cha dada mmoja wa Mbagala.

Mara moja sikusema hivyo. Ilikuwa kwenye semina, mjini. Mwanamume mmoja, mtu wa programu kama mie, alinishika mkono akaniambia aliyewaza kuunganisha wavu na nyavu kwa namna ile ana kichwa cha ajabu, akauliza kama ndiye mie. Nikasema, "Ndiyo." Akamwita mwenzake aje anisalimie.

Jioni ile nikarudi Sinza, nikawasha mashine, nikafungua maandishi ya kipande kile na kuyasoma kuanzia juu mpaka chini nikitafuta kosa lolote la yule dada. Nilisoma mara mbili. Sikulipata.